Wiki Saba za Nusu Mzigo

Siku niliyoendesha foklifti kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, niligonga rundo la katoni za sabuni, nikashuka, kisha nikaketi kuandika ripoti kwamba dereva wa mashine ile hajui kazi. Nawaambia haya mapema, vijana wangu mnaoanza gereji, ili anayetafuta habari za fundi shujaa afunge ukurasa huu sasa hivi na aende zake kwa amani. Mimi ni fundi mstaafu wa injini za dizeli. Nimefanya kazi Lodwar miaka zaidi ya thelathini, na hadi leo nikipita sokoni kuna watu wanaoniita Daktari.

Msidhani nilipewa jina hilo kwa ujuzi. Nililipata kwa sababu ya sanduku. Nilikuwa nimekwenda Nairobi kwa kozi fupi nikarudi na kimashine cha kusoma kasoro za injini. Unakichomeka kwenye soketi, kinakuonyesha namba, unaitafuta namba kwenye kitabu, unapata jina la ugonjwa. Wakati ule sikumjua fundi mwingine Lodwar aliyekuwa nacho. Nilikibeba kwenye sanduku jeusi na kukifuta vumbi kila niliposhuka garini, na kama kulikuwa na watu wanaotazama nilikifuta mara mbili. Mke wangu aliniuliza ni lini nitawafuta watoto kamasi kwa uangalifu ule.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa 2012. Habari za mafuta kupatikana Turkana zilikuwa midomoni mwa kila mtu, na kila mtu mjini alikuwa na mipango mikubwa. Mpango wangu mimi ulikuwa kununua koti jeupe la kazi, kama la daktari kweli. Nikalinunua. Vumbi la Lodwar lililimaliza kwa siku mbili, na siku ya tatu mke wangu akaligeuza kitambaa cha kudekia.

Sasa niwapeleke Kakuma. Kambini kulikuwa na stoo kubwa ya chakula, na stoo hiyo ilikuwa na foklifti moja ya dizeli, ya matairi makubwa ya kupita mchangani, ambayo ilikuwa ikishusha magunia ya mahindi na unga kutoka kwenye malori. Mimi ndiye niliyeitwa kuihudumia. Msimamizi wa stoo alikuwa Madam Atabo, Mturkana mwenzangu wa kutoka Kaikor, mama asiyecheka ovyo, aliyekuwa na daftari kwa kila kitu. Dereva wa foklifti alikuwa Lual, mkimbizi wa Sudan Kusini, aliyeingia Kakuma mtoto mdogo na sasa alikuwa na watoto wake wanaosoma hapo hapo kambini. Lual alikuwa mrefu kiasi kwamba akikaa kwenye kile kiti, magoti yake yalikuwa yanakaribia usukani. Lakini alikuwa anaiendesha mashine ile kwa utulivu hata ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya mzigo.

Nchi yao ilikuwa imepata uhuru wake juzijuzi, na wengi walikuwa wanarudi. Lual alikuwa ameahidiwa kazi ya udereva kwenye stoo moja ya Juba, mradi tu aende na barua ya msimamizi wake inayosema ni dereva mzuri na mwangalifu. Barua hiyo ndiyo iliyokuwa matumaini yake yote. Aliniambia habari zake siku ya kwanza tu, akiwa amenishikia tochi, na nilimjibu "Vizuri, vizuri" bila kuinua kichwa, kwa sababu nilikuwa natafuta nati iliyoanguka.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kwa sevisi ya kawaida. Nilifungua mabomba yote ya upande wa turbo niyasafishe, maana vumbi la Kakuma linaingia hata penye kifuniko. Katika kusafisha nikakuta ringi ya mpira kwenye bomba la oili imepasuka. Ringi kama ile sikuwa nayo. Nikaiacha mashine imefunguliwa vilevile uani nyuma ya stoo, mabomba yananing'inia, nikapanda gari kurudi Lodwar kuchukua ringi, kesho yake nirudi. Usiku ule mvua ikanyesha. Nyinyi wa Turkana mnajua mambo ya mvua yetu: miezi unaitafuta, ikija inakuja kwa hasira. Lagga, mito yetu ya msimu, zikajaa, barabara ikakatika, malori yakapanga foleni, na mimi nikakaa Lodwar karibu wiki nzima nikinywa chai na kuwaelezea watu matumizi ya kimashine changu.

Niliporudi nilifunga kila kitu, nikaiwasha, ikanguruma vizuri. Lual akaisogeza mbele na nyuma. Nikatia saini kwenye daftari la Madam Atabo na kuondoka kifua mbele.

Haikuchukua siku nyingi, simu ikalia. "Daktari, hii kitu yako imekufa," Madam Atabo akasema, bila salamu.

"Imekufa kabisa?"

"Inatembea kama kobe. Ikiinua mzigo, taa inawaka, nguvu inaisha. Na malori yako hapa mlangoni. Kuja."

Juzi dada mmoja wa chuo cha ufundi aliniuliza turbo inazidishaje hewa, na aliuliza bila aibu, jambo lililonifurahisha sana. Kwa hiyo nieleze polepole, na anayejua avumilie. Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Feni moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na ya pili inasukuma hewa safi iingie kwa nguvu. Mzigo ukiwa mkubwa, moshi ni mwingi, feni zinakwenda kasi, hewa inaingia nyingi zaidi. Ukiiacha hivyo bila breki, injini itajipasua. Ndiyo sababu pembeni kuna kimlango cha kupitisha moshi kando, feni zipunguze mbio. Kimlango kinafunguliwa na kifimbo cha chuma, kifimbo kinasukumwa na kikopo, na kikopo kinapata habari kwa mpira mmoja mwembamba unaotoka kwenye turbo. Hewa ikijaa inapita kwenye ule mpira, inasukuma kikopo, na mlango unafunguka. Mlango usipofunguka, hewa inazidi kipimo, kompyuta ya injini inashtuka, inawasha taa na kukata dizeli ili kujiokoa. Hapo mashine inabaki kutambaa.

Basi nikafika Kakuma na sanduku langu. Nikachomeka. Namba ikatokea, nikafungua kitabu, nikasoma kwa sauti ili wapakizi wote wasikie: hewa ya turbo imezidi. Wapakizi wakatikisa vichwa kwa heshima. Nami nikajiona nimemaliza kazi, wakati nilikuwa hata sijaianza. Vijana, hapo ndipo penye kosa la kwanza. Kile kimashine kilikuwa kimeniambia mgonjwa ana homa. Hakikuniambia homa imetokana na nini. Lakini mimi nilikuwa nimelipia kozi, na nilitaka kiniambie kila kitu.

Nikasema sensa ya hewa, kile kidude kinachoipimia kompyuta hewa, inadanganya. Nikabadilisha sensa. Lual akainua paleti moja iliyojaa magunia, akaenda nayo hatua ishirini, taa ikawaka tena. Nikasema nyaya. Nikazisugua nyaya zote hadi zikang'aa. Taa ikawaka. Nikasema joto. Kwani Kakuma kuna siku isiyo na joto?

Lual alishuka, akaja akasimama kando yangu. "Ya Daktari," akasema, kwa ile "ya" ya Kiarabu ya kumwita mtu, "mimi nataka kusema kitu. Hii sauti imebadilika. Zamani filimbi inapanda, halafu inasimama. Sasa inapanda, inapanda tu. Tangu siku ile wewe ulifungua."

Mtu aliyekaa na mashine ile kila siku kwa miaka alinipa jibu lote, na akaniletea hadi miguuni. Mimi nikamwambia nini? Nilimwambia, "Bwana Lual, mambo ya kompyuta hayasikilizwi kwa masikio." Nilisema hivyo mbele ya watu. Wengine wakacheka. Nikikumbuka sentensi ile natamani kujificha chini ya kitanda, na nina miaka ambayo nikiingia chini ya kitanda itabidi niitiwe watu wa kunitoa.

Nikaamua kuijaribu mwenyewe. Sasa elewa: fundi anaweza kuijua injini na asijue kuendesha chombo kilichoibeba. Usukani wa foklifti unageuza magurudumu ya nyuma. Ukipinda kushoto, mkia wako unakwenda kulia, na mkia wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye katoni za sabuni. Madam Atabo akatoka ofisini, akazitazama katoni, akanitazama mimi, akarudi ndani. Baada ya hapo nikaogopa kugusa mzigo. Nikazunguka uwanja mara tano, uma za kubebea ziko tupu, mwendo wa ng'ombe anayerudi kutoka kisimani. Taa haikuwaka hata mara moja.

Nikashuka nikiwa na ushahidi wangu mkononi. Nikiendesha mimi, haiwaki. Akiendesha Lual, inawaka. Kwa hiyo ugonjwa ni Lual.

Mnaona? Mashine tupu haina moshi wa kutosha kuizidisha turbo. Ningeweza kuzunguka na ile foklifti hadi Lokichogio na taa isiwake. Ukitaka kujua ugonjwa unaokuja na mzigo, lazima uipe mzigo. Mama akisema mtoto analia akilishwa, huwezi kumpima mtoto huyo akiwa amelala. Lakini niliogopa mzigo kwa sababu sijui kuendesha, na badala ya kukiri woga wangu nikaupa jina la uchunguzi.

Nikaingia ofisini nikaandika kwenye daftari la mashine. Niliandika kwa Kiingereza kizito, ambacho sikuzoea. Maana yake ilikuwa kwamba dereva anakanyaga mafuta kwa nguvu kupita kiasi, na kwamba mashine ibebe nusu mzigo tu, iendeshwe na mtu mwingine. Madam Atabo alisoma mara mbili.

"Una hakika, Daktari? Huyu Lual si mtu wa fujo."

"Kompyuta haina undugu na mtu, Madam."

Akavuta pumzi. "Basi siwezi kuandika ile barua yake. Nitaandikaje ni mwangalifu, na hapa fundi amesema hivi?"

Niliyasikia maneno hayo vizuri sana. Siwezi kuwadanganya kwamba sikuyasikia. Nilijiambia ni mambo ya ofisi, nikafunga sanduku langu.

Lual akatolewa kwenye kiti. Hawakumfukuza, walimweka na wapakizi wa kubeba magunia mgongoni. Kiti akapewa Esinyen, Mturkana mmoja mpole aliyefuata maagizo yangu kikamilifu: nusu paleti, pole pole. Na taa ikakoma kuwaka! Nikapigiwa simu ya shukrani. Nilifurahi mno nikanunua nyama. Haikuniingia akilini kwamba ile nusu nyingine ya mzigo haikuyeyuka. Ilikuwa inashushwa na migongo ya watu, na mgongo mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa Lual.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata nilipita Kakuma kwa kazi ya jenereta ya mtu mwingine, nikamwona. Alikuwa anateremka ubao wa lori na gunia juu ya bega la kulia, unga umempaka hadi nyusi. Nikadhani atapita kama hakuniona. Alisimama, gunia likiwa palepale begani, akasema, "Ejok, Daktari?"

Salamu ya kwetu. Nikamjibu, "Ejok noi," nikaharakisha kwenda kwenye jenereta, ambayo haikuwa na haraka yoyote. Niliona aibu na sikujua naionea nini, au nilijua na sikutaka kukaa karibu nayo.

Kisha, baada ya wiki saba, ukaja msafara mkubwa wa malori. Nusu mzigo isingetosha hata kidogo. Madam Atabo akamwamuru Esinyen abebe paleti nzima, na Esinyen, ambaye anakanyaga mafuta kana kwamba anaogopa kuyaumiza, akainua paleti, akaenda hatua ishirini, taa ikawaka.

"Kuja, Daktari," simu ikasema. "Na safari hii uje na akili, hicho kisanduku kiache kama unataka."

Nilikwenda nacho, sikuwa na ujasiri wa kwenda mikono mitupu. Namba ikawa ileile. Mpango wangu njiani ulikuwa kusema turbo nzima imekufa na iagizwe mpya Nairobi. Fundi aliyekwama huagiza kifaa kikubwa kuliko vyote, ili kikishindwa alaumiwe muuzaji. Lakini Esinyen alisema, kwa sauti ya kuomba radhi, "Mzee, mimi sikanyagi." Kila mtu alijua hakanyagi. Na mimi, mbele ya Esinyen, sikuwa na dereva mwingine wa kumsingizia.

Nikaona Lual ameketi kivulini, wapakizi wakipumzika. Nikamwendea. Kutembea zile hatua kulinichosha kuliko safari ya kutoka Lodwar. Nikamwambia, "Hebu nieleze tena ile sauti."

Hakuniuliza kwa nini sasa. Alikaza midomo akapiga mluzi: ukapanda, ukafika mahali, ukatulia. "Hiyo ya zamani." Akapiga wa pili: ukapanda, ukazidi kupanda, hadi pumzi ikamwishia. "Hii ya sasa. Mlango yake haifunguki, ya Daktari. Mimi sijui jina ya hiyo mlango, lakini kuna kitu ilikuwa inafungua, sasa haifungui."

Wapakizi wakaitwa kushusha lori, Lual akaenda nao. Mimi nikaenda kuazima pampu ya baiskeli yenye geji kwa fundi baiskeli wa barabarani. Sikilizeni vizuri hapa, maana hiki ndicho kipande chenye faida katika maneno yote haya. Nilichomoa ule mpira mwembamba upande wa turbo, nikaunga pampu, nikasukuma hewa huku macho yangu yako kwenye kifimbo cha kimlango. Kifimbo hakikusogea. Geji ilipanda na kubaki juu, maana yake hewa haipotei, wala haifiki. Nikachomoa mpira kabisa, nikaunga pampu moja kwa moja kwenye kikopo. Sukuma mara mbili, kifimbo kikatoka vizuri, laini, kikarudi. Kikopo kizima. Kimlango kizima. Turbo nzima. Ugonjwa uko kwenye mpira. Kazi yote hiyo ilinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, kwa pampu ya baiskeli.

Nikaukata mpira kwa wembe. Ndani kulikuwa na udongo, umekauka na kushikamana kama kizibo, na katikati ya udongo kulikuwa na buibui wadogo waliokauka, wamepangwa. Mnawajua wale nyigu weusi wenye kiuno chembamba wanaojenga kwa tope? Wanatafuta tundu, wanaweka chakula cha watoto, wanaziba. Nyigu hao Kakuma hawapati tope kila siku. Wanapata mvua ikinyesha. Na ile wiki ya mvua, mimi niko Lodwar nakunywa chai, mpira wangu ulikuwa unaning'inia uani, mdomo wazi. Niliporudi niliufunga na tope hilo ndani yake. Ugonjwa wa mashine ile niliutia mimi, kwa mikono yangu, na nikauwekea saini.

Mzee aliyenifundisha kazi Kitale, Fundi Barasa, alikuwa na mfuko wa magunzi ya mahindi. Kila bomba alilolifungua, alilikomea gunzi hapo hapo, hata kama anakwenda tu kunawa mikono. Sisi wanafunzi wake tulimcheka, tulisema mzee anapanda shamba kwenye injini. Mimi ndiye niliyemwigiza vizuri kuliko wote, hadi namna alivyokuwa akichagua gunzi kwa kulipuliza. Nilijua kuigiza, kufuata sikufuata.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Nilikuwa peke yangu nyuma ya ile mashine. Hakuna aliyeona. Nikakitia kile kipande cha mpira mfukoni, nikaweka mpira mpya, nikamwita Esinyen. Akainua paleti nzima, akazunguka uwanja, filimbi ikapanda, ikatulia. Taa kimya. Watu wakapiga makofi. Nikaingia ofisini.

"Ilikuwa nini?" Madam Atabo akauliza.

"Uchafu kidogo," nikasema.

"Uchafu wa nini?"

"Uchafu tu. Vumbi. Unajua Kakuma."

Akautazama mfuko wangu. "Daktari, mimi nimelea watoto sita. Toa mkono kwenye mfuko."

Mkono wangu ulikuwa umekishika kile kipande muda wote. Nikakitoa, nikakiweka mezani, vipande vya tope vikamwagika juu ya karatasi zake. Nikamweleza yote: mvua, wiki ya Lodwar, mpira. Nikamweleza hata nilivyoendesha bila mzigo. Hakunifokea. Alisimama akasema, "Utaenda kusema maneno haya kule nje, kwa sababu ulisema yale mengine kule nje."

Akanipeleka kwa wapakizi. Nikasema, nimesimama juani, kipande cha mpira mkononi kama mtoto aliyekamatwa na sukari ya mamake. Nikasema Lual hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Mpakizi mmoja Mkongomani akauliza, "Sasa muzee, gunia ya huyu ndugu nani atairudisha?" Wakaangua kicheko, wakanishika, na kabla sijajua wamefanya nini gunia la kilo hamsini liko mgongoni mwangu. "Tembea, Daktari!" Nilitembea. Nilihesabu hatua tisa. Ya kumi niliipiga nimelala kifudifudi, gunia juu yangu, na walilazimika kuniokoa huku wakilia kwa kicheko. Esinyen naye akacheka, na yeye huwa hacheki.

Lual peke yake hakucheka. Alinipa mkono nikasimama, akanipangusa unga kifuani.

Tukaingia ofisini. Madam Atabo akafungua daftari, nikaandika ukurasa mpya, safari hii kwa Kiswahili: kosa ni la fundi, aliacha mpira wazi, dereva Lual hana lawama. Lual akasoma neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Kisha akafunua nyuma, hadi kwenye ukurasa wangu wa kwanza.

"Na hii?"

"Karatasi hazing'olewi," Madam Atabo akasema. "Zina namba."

"Mtu wa Juba hataona kitabu hii," Lual akasema. "Yeye ataona barua. Lakini mtoto yangu anasoma hapa. Siku moja atapata kazi kwa stoo hii. Atafungua hapa mbele, atasoma baba yake aliharibu mashine. Hatafika kwa ile ya nyuma."

 Nikachukua kalamu, nikapiga mstari juu ya maneno yangu yote, na pembeni nikaandika kwamba niliyoyasema hapa si kweli. Nikataka kutia saini ile ya mkwara, yenye mkia. Lual akaweka kidole. "Jina yako ya kweli, ya Daktari." Nikaandika Ekiru, herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza. Madam Atabo akavuta karatasi nyingine, akaanza kuandika barua.

Nikamwomba Lual msamaha. "Kalas," akasema. "Imeisha." Tukatoka, na Esinyen alikuwa ameshashuka kwenye kiti, anakipangusa kwa mkono. Lual akapanda, magoti yakafika karibu na usukani kama zamani. Akanyoosha mkono wa kulia kushika wenzo wa kuinulia uma. Mkono haukufika. Ulipanda hadi usawa wa kifua ukagoma, naye akauma midomo, akaushusha polepole, akapitisha wa kushoto mbele ya tumbo lake, akainua paleti nzima kwa mkono huo.

Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe za dereva aliyerudi kitini. Kisha nikakumbuka ni bega gani alilokuwa amebebea gunia siku ile aliponisalimu.

Mashine ilipona siku hiyohiyo. Bega la Lual sijui kama lilipona, kwa sababu mwezi wa tano alichukua barua yake, akaenda Juba, na alipoondoka bado alikuwa anaaga watu kwa mkono wa kushoto.